Aliyeshika Kamba

Tarehe 4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara nne, na mara zote yule mama wa mtandao ananiambia hupatikani, kwa sauti ya mtu aliyefurahi. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Barua hii nampa dereva wa lori la kokoto, yule mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Ameapa kuwa atakupa mkononi.

Nina jambo, na kabla sijalisema niahidi kwamba mama hatalijua. Umeahidi? Haya. Mjomba, napanda miamba.

Usiichane barua, soma kwanza. Nilianza mwaka jana kwenye ukumbi wa mazoezi, kwenye ukuta wa mbao wenye vishikio vya plastiki vya rangi rangi. Baadaye nikaenda kwenye mwamba wa kweli, lakini huko kuna pete za chuma zilizochimbiwa kwenye jiwe. Unafika, unachomeka kulabu ya karabina, unapitisha kamba, unaendelea. Sasa nataka kupanda kama mlivyokuwa mkipanda wewe na mama, mahali pasipo na pete, ambapo mtu anaweka kinga zake mwenyewe kwenye nyufa akipanda, na anayemfuata anazichomoa. Mshika kamba wangu ni kijana wa kazini, tunamwita Twiga kwa ajili ya urefu. Usianze maneno yako, ni mwenzangu wa kazi tu.

Dukani nimekwenda mara mbili na nimetoka mikono mitupu. Kuna kabari ndogo za chuma zenye waya, kuanzia ukubwa wa kucha hadi ukubwa wa kidole gumba. Kuna kabari nene za pembe sita zinazogongana kiunoni mpaka unasikika ukija. Halafu kuna hizi wanazoziita kemu, zenye springi: unavuta kitufe zinajikunja, unaziingiza kwenye ufa, unaachia zinajitanua. Muuzaji anasema nichukue zote. Sijawahi kuona muuzaji anasema vinginevyo. Mimi nataka seti ya kwanza yenye akili, na mtu ninayemjua aliyewahi kubeba vitu hivi ni wewe.

Mama simwulizi. Unajua ukitaja mwamba mbele yake anainuka, anachukua fimbo yake, anakwenda chumba cha cherehani. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza mguu ulivunjikaje. Alinijibu mara moja tu: kabari zote zilichomoka kwa sababu niliziweka ovyo. Hakuongeza neno hadi leo.

Kazini bado tunatengeneza meno ya watu. Leo nimechonga magego mawili ya mzee mmoja anayelalamika kuwa ya kwanza yalikuwa yanaimba akila.

Niambie ninunue nini.

Mpwa wako,
Fundi Meno


Tarehe 13 Mei

Mpwa wangu Fundi Meno,

Marahaba. Barua imefika, imekunjwa mara sita na ina harufu ya dizeli, lakini imefika. Simu hapa inashika mahali pamoja tu, ukingo wa juu wa shimo la zamani, na huko kunapandwa kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Mimi sipandi. Miaka yote niliyokaa hapa nafanya kazi chini, kwenye mashine ya kusaga kokoto, na vijana wamenipa jina la Bwana Chini. Sijakasirika, jina limenikaa.

Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta namna ya kukukataza. Sikuipata. Wewe ni kichwa ngumu kama mwenzako aliyekuzaa, na nikikukataza utamwuliza yule muuzaji. Basi sikiliza.

Anza na kabari zenye waya, seti nzima, vipande kumi. Ukiweza, rudufu zile za ukubwa wa kati, kwa sababu ndizo zinazoisha kwanza ukiwa juu. Kemu chukua tatu, basi: moja ya nyufa za upana wa vidole viwili, moja ya kiganja, moja ya ngumi. Zile za pembe sita ziache, utazinunua ukizeeka. Chukua mikanda mirefu isiyopungua minane, ile ya mkono mzima, ili kamba ipite bila kuyumbisha kinga zako. Karabina za kutosha, kikulabu cha kuchomolea kabari zilizong'ang'ania, na kofia ngumu. Kofia uivae, usiitundike mgongoni kwa mapambo.

Utauliza kwa nini kabari na si kemu, kwa kuwa kemu zinaonekana kujiweka zenyewe. Ndiyo sababu hasa. Kabari haina springi. Lazima utazame ufa, utafute pale unapokuwa mwembamba kuelekea chini, uiteremshe hapo, uivute kwa nguvu mpaka ikae. Inakufundisha kulisoma jiwe. Kemu unaweza kuisukumia kwenye ufa mbovu ikakaa vizuri kabisa machoni, halafu ukiipa uzito inatoka. Mkono unaochonga magego utaizoea kabari kwa wiki moja.

Kuhusu mama yako, siri yako ninayo. Habari ya kabari kuchomoka ni ya zamani, tuiache huko.

Huyo Twiga, wazazi wake unawajua?

Mjomba wako,
Bwana Chini


Tarehe 21 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kazini, nimejificha nyuma ya tanuri la kauri, na nikaunguza jino la mtu. Asante kwa orodha. Lakini umezunguka mbuyu na mimi nimekuona.

Unaniambia ninunue kabari kumi, na nyingine za ziada juu yake. Mama naye alibeba kabari. Zote zilichomoka. Haikuchomoka moja wala mbili, zilichomoka zote, na mama akafika chini. Sasa mimi nitazibebaje kiunoni nikiwa na akili zangu? Ama kabari hazifai, ama mama hakujua kuziweka. Wewe ulikuwepo, ulikuwa umeshika kamba yake. Niambie lipi ni lipi.

Siulizi kwa umbeya. Nataka nikuambie jambo ambalo pengine hulijui kwa kuwa unakuja mara moja kwa mwaka na unakaa sebuleni. Mama anashona mabegi, sivyo? Kila mkanda wa begi anaushona mara tatu. Anashona, anavuta, anashona tena, anavuta, anashona tena. Wateja wanachoka kusubiri, wengine wamehama. Juzi nilimwambia kwamba mshono wa kwanza ulikuwa mzuri, ungebeba hata mawe. Akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Mikono yangu naijua, usinifundishe."

Mjomba, iliniuma. Mtu ameishi na mikono yake miaka kumi na tisa kama anaishi na mwizi ndani ya nyumba. Kama aliziweka ovyo kweli, basi, ilitokea, na mimi nitajifunza nisiziweke ovyo. Kama ni kabari zenyewe, aambiwe ni kabari zenyewe, apumue.

Twiga ana wazazi wawili, wote wafupi.

Mpwa wako,
Fundi Meno


Tarehe 29 Mei

Mpwa wangu,

Lori linaondoka sasa hivi kwa hiyo naandika kwa haraka.

Zilikuwa kabari za zamani. Tulizinunua kwa mtu aliyekuwa anaacha kupanda, waya zake zilikuwa zimechoka na nyuso zake zimelika. Hazikuwa na mshiko. Ni hivyo tu. Mama yako hakukosea sana, na kabari za siku hizi si kama zile. Nunua mpya na usitie shaka.

Huku mashine imevunja taya moja, tunashinda ndani ya vumbi. Msalimie mama yako, mwambie macho yangu yaliyoingia vumbi yanaendelea vizuri.

Mjomba wako


Tarehe 8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Umejibu swali langu kwa mistari minne na mashine yako kwa miwili, lakini nimekuelewa. Kama kabari zikilika zinaacha mshiko, sitaki kitu kinacholika. Nimenunua kemu. Sita, kuanzia kidole kimoja hadi ngumi, mpya, zimepakwa rangi tofauti. Kabari sikuchukua hata moja. Mikanda mirefu nayo nimeiacha kwa sasa, natumia mifupi ya mazoezini, ile ya urefu wa kiganja. Najua utanuna. Nuna, halafu unisamehe.

Vyote nimevificha kazini ndani ya kabati langu, chini ya sinia la taya za plasta. Mama akiingia humo ataona vinywa thelathini vimefunguka, hatatafuta zaidi.

Tumeanza mazoezi kwenye jabali dogo nje ya mji. Nimeweka, nimevuta, nimeninginia, zinashika. Jumapili iliyopita nilipanda mita kumi nikiwa naongoza mwenyewe. Twiga anashika kamba vizuri, ana mikono mitulivu. Tatizo lake ni kupenda picha. Anasimama mbali na ukuta, hatua kumi, kumi na mbili, ili aniweke mzima ndani ya simu. Kamba inatoka kwangu inakwenda kwake mshazari kama kamba ya kuanikia nguo. Anasema huko pia kuna kivuli.

Sasa habari yenyewe. Jumapili tarehe 22 tunakwenda kwenye mwamba wenu. Nimepata picha yenu ya zamani ndani ya kitabu cha mama cha mitindo, na mwalimu wa ukumbini ameutambua ufa mara moja. Ule mrefu unaopinda kushoto. Nitaupanda. Nikifika juu nitarudi nyumbani nimwambie mama kuwa nimeupanda ufa wake, na kwamba kosa lilikuwa la vyuma vibovu na si la mikono yake. Utakuwa shahidi wangu, maana wewe ndiye uliyeniambia.

Niombee.

Mpwa wako,
Fundi Meno


Tarehe 17 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata jana jioni. Usipande Jumapili. Soma barua hii mpaka mwisho, halafu utaamua, lakini usipande Jumapili.

Nilikudanganya. Zile kabari zilikuwa mpya. Tulizinunua pamoja, mimi na mama yako, na zilikuwa bado zinang'aa. Hakuna waya uliochoka wala uso uliolika. Nilibuni hayo lori likiwa linaunguruma nje, kwa sababu uliniuliza lipi ni lipi na jibu halimo katika yale mawili.

Siku ile jua lilikuwa kali. Pale chini ya ufa hapana hata kichaka. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia mara mia kwamba mshika kamba asimame chini ya ukuta kabisa, aweze kuugusa kwa mkono. Nilianza hivyo. Mama yako alipofika juu ya kabari ya nne niliona mti nyuma yangu, nikarudi kwenye kivuli. Hatua kumi na tano hivi. Kulikuwa na wenzetu wameketi hapo wanamenya machungwa. Nikapewa kipande, nikala, nikacheka nao. Kamba nilikuwa nimeishika, sikuiachia, hilo naapa.

Sasa nielewe, maana hili ndilo linalokuhusu. Kabari imewekwa ili ivutwe kuelekea chini. Mtu akianguka, kamba inakaza, inataka kunyooka kutoka kwa mshika kamba hadi kwenye kinga ya juu. Mshika kamba akiwa chini ya ukuta, kamba imeshanyooka, haina pa kwenda. Akiwa mbali, kamba inaivuta kinga ya chini kabisa kuja nje na juu, upande ambao haikuwekewa. Inang'oka. Halafu ya pili yake. Halafu ya tatu. Zilifunguka kutoka chini kwenda juu kama zipu ya begi, na mimi nikiwa natazama. Mama yako alikuwa ameweka saba. Ile ya juu ilishika. Mpwa wangu, ilishika, nilisikia uzito wake mikononi. Halafu kipande cha jiwe kikavunjika, nayo ikatoka. Hayo hutokea, ndiyo maana huwa kuna ya sita chini yake. Lakini ya sita haikuwepo tena. Nilikuwa nimeing'oa mimi, pamoja na zile nyingine tano.

Hospitali, jambo la kwanza alilosema alipoamka lilikuwa kwamba aliziweka ovyo. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Nilifungua mdomo. Nikajiambia ngoja apate nafuu kwanza. Akapata nafuu, nikajiambia ngoja atembee. Akatembea kwa fimbo, na sikuweza tena. Nilitafuta kazi ya mbali.

Kwa hiyo umenunua vyuma kwa kufuata uongo wangu. Umeacha kabari zisizo na kosa, umeacha mikanda mirefu ambayo ingelegeza kamba, umebaki na kemu zenye mikanda mifupi ambazo zitatembeatembea ndani ya ufa kila kamba ikiyumba. Na chini yako umemweka kijana anayesimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi. Hakuna chuma dukani kitakachokulinda na hilo.

Mwambie Twiga asogee ukutani. Kinga ya kwanza iwekwe istahimili hata kuvutwa juu. Nunua mikanda. Nunua kabari. Halafu subiri mwezi.

Na nakuomba jambo moja ambalo sistahili kuomba. Mama yako asijue. Nitamwambia mwenyewe nikija mwisho wa mwaka.

Mjomba wako


Tarehe 22 Juni, Jumapili

Dada,

Jana ulikata simu kabla sijamaliza, au mtandao ulikata, sijui. Nilibaki pale juu na simu sikioni muda mrefu.

Naandika kwa sababu siwezi kukaa bila kufanya kitu. Saa hizi ni saa nne asubuhi. Kama binti yako amekwenda, yuko ukutani. Lori halikuondoka Alhamisi, giaboksi imekufa, na barua niliyomwandikia iko hapa kwenye kiti cha dereva. Niliijua habari hiyo jana saa tano. Nikapanda ile ngazi. Vijana waliacha kazi wakanitazama. Nilimpigia mpwa wangu mara kumi na moja, simu inaita tu, na ndipo nilipokupigia wewe. Nakuambia ukweli wote sasa: sikukupigia wewe kwanza. Ningempata yeye, wewe ungekuwa hujui hadi leo.

Uliniuliza swali moja tu, kama nilikuwa kivulini muda wote. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nalia. Nilikuwa kivulini tangu kabari ya nne.

Nijulishe mtoto yuko hai. Usiandike lingine kama hutaki.

Mdogo wako


Tarehe 26 Juni

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 17 imenifikia leo. Ile uliyomwandikia mama imekuja pamoja nayo, ameichukua, amekwenda nayo chumba cha cherehani.

Niko hai.

Sijui nianzie wapi kukukasirikia. Nilikuuliza waziwazi. Nilikuandikia habari za mama na mishono yake mitatu, nikakuambia iliniuma, na wewe ukaniandikia habari za macho yako. Ningekwenda pale Jumapili nikiwa na moyo mkunjufu, na Twiga kwenye kivuli chake, na ningekufa nikiwa nakuamini. Na hata ulipoamua kusema, uliniomba nami nimfiche. Ulitaka nikusaidie kulibeba.

Nikueleze Jumamosi, maana umeikosa. Kazini simu zetu huwa kabatini kwa ajili ya vumbi la plasta. Saa saba nilikuwa nang'arisha meno ya mbele ya bibi harusi. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama. Hajawahi kufika kazini kwangu hata siku moja, ni ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Fundi mkuu alimletea kiti, hakukaa. Aliniambia nifungue kabati. Nikafungua. Akaliondoa lile sinia la taya kwa mikono miwili, akaliweka mezani taratibu, akachukua kemu zangu moja moja, akavuta springi zake, akaziachia. Mimi nilikuwa nimefyata mkia, nasubiri mvua ya maneno. Twiga alikuwa amesimama nyuma ya tanuri anajaribu kuwa mfupi.

Mama akaniuliza, "Nani atakushikia kamba?"

Nikamwonyesha Twiga. Mama akamtazama kutoka chini mpaka juu, na si safari fupi. Akamwuliza huwa anasimama wapi. Twiga, ambaye hajui kusema uongo, akamwambia.

Hayo mengine ya Jumapili amenikataza kukuandikia. Anasema ni yake.

Wikiendi hii nanunua kabari. Ulikuwa umeniambia sawa kuhusu kabari tangu mwanzo, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Fundi Meno


Tarehe 1 Julai

Mdogo wangu,

Mtandao haukukata. Nilikata mimi.

Uliponiambia, nilikuwa nimeshika mkanda wa begi la shule. Niliuweka chini nikatazama mikono yangu. Nilikaa hivyo labda nusu saa. Nilijaribu kuikumbuka ile kabari ya kwanza, pale mwanzo wa ufa, na nikaikumbuka. Nilikuwa nimeiweka vizuri. Zote saba nilikuwa nimeziweka vizuri. Miaka yote hii nilijikataza kuzikumbuka kwa sababu niliona kujikumbusha ni kujitetea.

Usifikiri nilikwenda kazini kwa mtoto kumkataza. Nilikwenda na nia hiyo, kweli. Njiani nikaona kwamba nikimkataza atakwenda bila mimi kujua, kama alivyokuwa anakwenda. Basi nikamwambia tutakwenda wote.

Mwalimu wao alituazima kabari na mikanda mirefu. Yule kijana mrefu alinibeba mgongoni sehemu ya mwisho ya njia, na huko juu alikonibeba nilipata kuona mbali sana. Nilimfundisha mtoto kuweka kinga ya kwanza kwa vipande viwili, kimoja kivutwe chini na kingine kivutwe juu, vishikane. Sikufundishwa hilo na mtu. Nililifikiria usiku ule mzima nikiwa sijalala. Halafu nikamwambia kijana akae kando, nikajifunga kwenye jiwe kwa ajili ya mguu, nikaegemea ukuta, nikashika kamba mimi mwenyewe. Jua lilinichoma kichwani saa nzima. Ni kali kweli pale, ulisema kweli. Sikusogea.

Akaanguka. Ilikuwa juu ya kinga ya tano, mguu ulimteleza. Nilisikia ukelele wake na kamba ikaninyanyua kidogo kutoka ardhini. Sikumtazama yeye kwanza, Mungu anisamehe, nilitazama kinga ya chini. Ilikuwa imekaa. Zote zilikuwa zimekaa. Yeye ananinginia pale akicheka na kulia, ananiita mama, mama, na mimi nimeikaza kamba kwa mikono miwili.

Akapumzika, akapanda mpaka juu.

Nina hasira na wewe, na sijaujua mwisho wake. Sina hasira sana kwa kivuli. Ulikuwa kijana, jua lilikuwa kali, mtu anaweza kurudi nyuma hatua kumi na tano. Mguu wangu ningekusamehe siku ileile. Lakini nilisema nimeziweka ovyo, na wewe ulikuwa pembeni ya kitanda changu, umenishika mkono huu huu, ukaniacha niamini. Uliniona nikiacha kupanda. Ulikuja hapa kila mwaka ukala chakula nilichopika, ukanitazama nikihangaika na mishono, ukaondoka. Mtoto wangu amekua akimwona mama yake anajiogopa.

Unasema ulipanda ile ngazi. Nimesikia. Najua ilikugharimu nini, na kama usingeipanda leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine, au nisingekuandikia kabisa. Nimeliweka hilo upande wake. Halifuti yale mengine.

Usinitumie barua ya kuomba radhi. Kwa barua umedanganya vizuri, kwa kunyamaza umedanganya vizuri zaidi. Njoo. Usingoje mwisho wa mwaka, usije na zawadi, na usimtumie mtoto akutangulie. Njoo ukae mbele yangu, useme, "Nilikuwa kivulini," nikiwa nakutazama machoni. Nitakufungulia mlango. Zaidi ya hapo siahidi kitu.

Dada yako